Elfu Tatu na Mia Sita

Donatus alikuja Jumanne asubuhi, na jambo la kwanza lililomshtua Zuhra ni kwamba gari alilileta mwenyewe.

Lile gari jeupe la mbio lilikuwa na miezi minane tangu lianze kuingia gereji yake pale Kahama, na siku zote aliyelileta alikuwa Enock, dereva. Donatus alikuwa mwenye gari. Alikuwa na maduara matatu, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, kule Mwakitolyo, na akija gereji alizoea kusimama pembeni, mikono mgongoni, akiuliza maswali kama mwanafunzi. Asubuhi ile hakusimama pembeni. Alilipitisha gari hadi nyuma ya banda, mahali ambapo mtu aliye barabarani hawezi kuliona, akazima injini na kukaa kidogo ndani kabla ya kushuka.

"Shikamoo, baba," Zuhra alimsalimu huku akifuta mikono kwa kitambaa.

"Marahaba, Mama Raudha. Uko peke yako?"

"Mafundi wangu wako mbele, wanashusha gia boksi ya lori."

Donatus akatazama upande wa mbele, akasikiliza nyundo zikigonga, ndipo akasogea. "Kuna kazi ndogo ya kompyuta. Ile namba ya kuhama. Nataka uishushe."

"Niishushe hadi wapi?"

"Elfu tatu na mia sita."

Zuhra alidhani hakusikia vizuri. Akamwomba arudie, na Donatus akarudia vilevile, polepole.

Injini ya gari lile ilikuwa na tabia mbili. Kwenye kemshafti yake, kile chuma kirefu kinachozunguka na kufungua valvu, kulikuwa na vinundu vya aina mbili. Vidogo vilifungua valvu kidogo, kwa mwendo wa kawaida. Vikubwa vilizifungua kwa kina na kuziacha wazi muda mrefu zaidi, ili injini ivute hewa nyingi inapokwenda kasi. Kompyuta ya gari ndiyo iliyoamua lini iache vidogo ishike vikubwa. Mizunguko ikifika namba iliyopangwa, oili inafunguliwa, oili inasukuma pini, na injini inabadilika sauti papo hapo. Madereva waliita hiyo kuhama. Injini ikihama mapema mno, valvu zinafunguka sana wakati hewa bado inakwenda taratibu, na gari linalegea katikati kana kwamba limepaliwa. Ikichelewa, unapoteza nguvu ambayo ingekuwepo.

Namba ya gari lile, elfu tano na mia nne, Zuhra hakuikisia. Alikwenda na Enock kwenye kipande cha barabara kilichonyooka, wakakimbia mara kadhaa kwa vinundu vidogo peke yake, kisha mara kadhaa kwa vikubwa peke yake, kompyuta ikiandika kila kitu. Halafu akachora mistari miwili kwenye skrini, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu, na pale ilipokatana ndipo alipoweka namba. Donatus alikuwepo. Ndiye aliyeuliza kwa nini mstari mwekundu umelala chini sana upande wa kushoto, na Zuhra, ambaye hakuna kitu alichokipenda kama kuulizwa habari za kazi yake, akamweleza yote. Alimwambia kwamba chini ya pale mistari inapokatana, vinundu vikubwa havikupi nguvu, vinakunyang'anya.

Kwa hiyo Donatus alijua anachokiomba. Alikuwa amefundishwa na Zuhra mwenyewe.

"Itakuwa nzito katikati," Zuhra alisema. "Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha."

"Na Jumapili kuna mbio Kishapu."

"Najua kuna mbio, Mama Raudha. Gari ni langu." Hakupandisha sauti. "Enock akikuuliza, mwambie umemwekea nguvu ianzie chini. Atafurahi. Anapenda kusikia injini inahama mapema. Alhamisi nakuja kulijaribu mwenyewe."

Akaacha ufunguo juu ya bonet, akatembea hadi barabarani kutafuta bodaboda. Zuhra alibaki anautazama ule ufunguo. Tangu baba yake, marehemu Abdulwahab, amfundishe kushika bisibisi, alikuwa amesikia wateja wakiomba mengi: wengine walitaka kelele, wengine moshi, wengine taa za bluu chini ya gari. Hakuwahi kuombwa na mtu alipunguze nguvu gari lake siku tano kabla ya mbio, halafu amwambie dereva kwamba ameiongeza.

Kisio lake la kwanza lilikuwa la kawaida. Watu wa Geita walikuwa na gari jeusi lililokuwa likishindwa na lile jeupe kwa tofauti ndogo, na tajiri wao alijulikana kwa kupenda kamari. Labda Donatus ameuza mbio. Lakini kisio hilo halikumtuliza. Donatus aliipenda sifa. Mbio za kwanza alizoshinda Enock, Donatus alizunguka mji mzima amening'iniza kikombe dirishani. Mtu wa namna hiyo hauzi sifa yake kirahisi, labda kama kuna kitu kikubwa kuliko sifa.

Kitu hicho alikijua kesho yake, na aliyemletea hakujua kwamba analeta habari.

Asteria alikuwa mwanamke wa Kisukuma mwenye karasha mbili Mwakitolyo, mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Pikapu yake ilikuwa inagoma kuwaka. Alishuka mweupe kwa vumbi la mawe kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu. "Niangalizie stata haraka nirudi. Karasha zangu hazijapoa siku kumi na moja leo."

"Kuna mawe mengi?"

"Mawe ya Donatus. Lile duara la tatu, lile lililokuwa kavu mwaka mzima hata wachimbaji wakalikimbia, limetema dhahabu. Mfuko hadi mfuko." Akakaa juu ya tairi, akajipepea kwa ncha ya khanga. "Enock ana bahati ya ajabu. Akishinda Jumapili anakuwa mtu mzito."

Zuhra alikuwa ameinama ndani ya bonet. Hakuinuka. "Kwa nini?"

"Hujasikia? Mwezi wa pili, pale karashani kwangu, Donatus alisema mbele yetu sote kwamba dereva wake akishinda mbio tatu mfululizo anampa robo ya duara lile. Watu walicheka. Robo ya shimo kavu utaifanyia nini? Enock naye alicheka, lakini aliitikia, wakashikana mikono. Ameshashinda mbili."

"Na siku hizi Donatus anasemaje?"

Asteria akafikiri. "Siku hizi hasemi. Ila Enock amewekwa chini kusimamia, zamu mbili kwa siku, tangu wiki iliyopita. Hata ugali anashushiwa kwa kamba. Mimi nikasema, huyu si anatakiwa apumzike kabla ya mbio? Lakini nani ataniuliza mimi."

Zuhra alikaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake, na hilo lenyewe likamtia wasiwasi, kwa sababu Asteria alikuwa mtu wa maneno mengi na huenda alikuwa ameongeza chumvi. Pikapu ilipoondoka, aliingia ofisini, akafunga mlango, akapiga simu ya Enock. Iliita muda mrefu. Sauti asiyoijua ikapokea.

"Enock yuko chini ya shimo. Nani anauliza?"

Zuhra akakata. Baadaye alijilaumu kwa kukata, maana jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye simu ile, na aliyeishika angeweza kulisoma.

Alikaa akapiga hesabu ya mambo yake. Akikataa, Donatus atalipeleka gari kwa mtu mwingine mwenye kompyuta, na mjini walikuwepo wawili ambao wangeweka namba yoyote bila kuuliza. Enock angeingia barabarani hajui kitu. Akiweka namba ya zamani na kudanganya kwamba ameshusha, Donatus atagundua Alhamisi, kwa sababu sauti ya kuhama haifichiki. Hata asiyejua gari anaisikia. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo Zuhra alilipitia harakaharaka kichwani kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake: Donatus alikuwa amemletea wateja wengine wanne, wenye maduara kama yeye, na Zuhra hakutaka kuwapoteza.

Akaamua ataiweka namba. Ule uongo ndio hatausema.

Alhamisi Donatus alikuja na kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Wakatoka na gari, yeye akiendesha, Zuhra kando na kompyuta mapajani. Walipofika kwenye uwazi Donatus akakanyaga mafuta. Mshale ulipogusa elfu tatu na mia sita injini ikabadilika sauti, ikawa nene na ya kelele, na palepale mvuto ukapungua; gari likawa linapiga kelele za mwendo ambao halikuwa nao. Likajikokota hivyo hadi karibu na elfu tano na nusu, ndipo likapata nguvu tena na kuruka mbele.

Donatus alirudia mara tatu. Mara ya tatu alitabasamu, akasimamisha gari.

"Sasa ifunge," alisema. "Pasiwe na mtu wa kuigusa."

Zuhra akafungua ukurasa wa neno la siri. Donatus akachukua kompyuta, akaigeuza upande wake, akaandika kwa kidole kimoja, akaifunga.

"Jana kuna mtu alipiga simu ya Enock akakata," alisema akitazama barabara. "Wanasema ilikuwa namba yako."

"Nilitaka kujua atakuja kulichukua gari lini."

"Atalipata Kishapu."

"Sawa."

"Umemwambia mtu yeyote kuhusu kazi hii?"

"Nimwambie nani, baba?"

Donatus akamtazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida kumtazama mke wa mtu, kisha akaligeuza gari kurudi Kahama.

Mbio zilifanyika nje ya mji, kwenye njia za vumbi ambazo malori ya pamba yaliziacha siku nyingi. Vijana wa chama cha mbio walikuwa wamepanga matairi na kamba kuzunguka ghala lililofungwa: raundi nne, kona kali mbili na mnyoofu mrefu mmoja. Zuhra alikuja na Asteria kwenye ile pikapu, pamoja na wachimbaji sita waliokaa nyuma kwenye bodi. Saa nne asubuhi jua lilikuwa tayari limekaza na wafugaji wa jirani walikuwa wamekuja na watoto wao kuangalia.

Enock alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la chini na kukosa usingizi. Donatus alisimama hatua thelathini hivi kutoka hapo, akiongea na watu wa Geita, na kila baada ya maneno mawili alitupa jicho kwenye gari jeupe.

Zuhra alikwenda na kompyuta yake kama alivyozoea kila mbio. Akachuchumaa kwenye mlango uliokuwa wazi, akachomeka waya chini ya dashibodi. Neno la siri lilizuia kubadilisha, lakini halikuzuia kusoma joto na presha, kwa hiyo hakuna ambaye angeshangaa kumwona pale.

"Shikamoo, Mama Raudha."

"Marahaba. Usinitazame mimi. Tazama mbele." Akabonyeza kitufe kisicho na kazi. "Injini yako inahama elfu tatu na mia sita."

"Bosi kaniambia. Kasema umeniwekea nguvu ianzie chini."

"Hakuna nguvu pale. Kuna shimo. Kuanzia hapo hadi elfu tano na mia nne gari ni zito kuliko hata gari la kawaida. Ukikanyaga utasikia kelele tu."

Vidole vya Enock viliukaza usukani. "Nani aliyeiweka?"

"Mimi."

"Basi itoe."

"Siwezi. Ameifunga kwa neno lake mwenyewe."

"Yeye mwenye gari ameharibu gari lake?"

"Lile duara la tatu limetema, Enock. Wewe uliye chini unajua kuliko mimi. Na unajua alikuahidi nini."

Hapo Enock alimtazama, ingawa alikuwa amekatazwa. Zuhra aliona macho ya mtu anayepima jiwe mkononi, asiyejua kama lina kitu au halina.

"Nani kakutuma?" aliuliza. "Watu wa Geita?"

"Hakuna aliyenituma."

"Unakuja dakika kumi kabla ya mbio, unaniambia wewe ndiye umeniwekea shimo, halafu unataka nikuamini. Nifanyeje sasa?"

"Usiruhusu mshale ushuke chini ya elfu tano na mia nne. Hata kwenye kona. Pale ulipozoea gia ya tatu, kaa ya pili. Ulikuwa unabadilisha kwenye elfu saba. Leo ngoja hadi elfu nane. Ukibadilisha hapo utaangukia elfu tano na mia saba, juu ya shimo, hutaliona. Wakati wa kuondoka tu, ya kwanza kwenda ya pili, ndipo hutalikwepa. Hapo utapoteza, vumilia."

"Elfu nane raundi nne nzima." Enock akacheka kidogo bila furaha. "Injini ikipasuka itakuwa nimeipasua mimi. Nitashindwa, na nitaambiwa nimeharibu gari la watu. Huo mpango mzuri sana, Mama Raudha. Mzuri kwa nani?"

Zuhra alikuwa ametegemea kwamba akisema ukweli, ukweli utapokelewa. Akageuza skrini kidogo, akafungua ile picha ya mistari miwili ya miezi minane iliyopita, wa bluu na mwekundu.

"Tulikimbia pamoja siku hiyo. Ulikuwa unaendesha wewe. Tazama mwekundu umelala wapi."

Enock akatazama. Zuhra hakujua kama anaelewa anachokiona. Viatu vikasikika kwenye changarawe.

"Kuna tatizo?" Donatus aliuliza.

"Presha ya oili iko vizuri," Zuhra alisema, akichomoa waya. "Nilikuwa namwambia asiwe na hofu."

Donatus akawatazama wote wawili. "Umemwambia habari ya nguvu ya chini?"

"Kaniambia, bosi," Enock alijibu, macho mbele. Uso wake haukuonyesha chochote, na Zuhra aliondoka pale bila kujua kijana ameamini lipi.

Magari yalikuwa manne, lakini kila mtu alijua mbio ni za mawili: jeupe, na lile jeusi la Geita lililoendeshwa na Wiliam, mtu mzima mwenye mkono mtulivu. Kitambaa kiliposhushwa jeusi lilitangulia. Enock alitoka vizuri, akabadilisha kwenda gia ya pili, na Zuhra akasikia ile sauti nene, kubwa, isiyo na mwendo ndani yake. Jeusi likamwacha kwa urefu wa magari manne. Waliposhika kona ya kwanza Enock aliweka gia ya tatu kama alivyozoea. Shimo likammeza tena. Watu wa Geita walianza kupiga miluzi.

"Ana nini leo?" Asteria aliuliza.

Zuhra alikuwa ameziba jicho moja kwa kiganja kuzuia jua, na alikuwa anasikiliza tu. Raundi ya kwanza iliisha hivyohivyo. Akajiambia kwamba kijana ameamua yeye ni mwongo, na kwamba labda yeye mwenyewe angeamua hivyohivyo.

Raundi ya pili, wakiingia kwenye kona ya ghala, alisikia kitu kingine. Injini haikushuka. Ilibaki juu, inalia, gia ya pili ikishikiliwa mahali pa tatu, na gari jeupe likatoka kwenye kona likirusha vumbi pande zote. Kwenye mnyoofu mshindo wa gia ulikuja ukiwa umechelewa, karibu kabisa na kikomo, na sauti haikukatika. Akarudia kona ya pili. Akarudia tena. Alikuwa ameonja shimo mara mbili, na sasa alijua liko wapi.

Zuhra alimtazama Donatus. Alikuwa amesimama na chupa ya maji mkononi, mdomo wazi kidogo, shingo imenyooshwa kama mtu anayesikiliza jina lake likitajwa ndani ya nyumba ya jirani. Hakuwa fundi, lakini alikuwa amejifunza vya kutosha kujua kwamba kinachosikika sicho alichokijaribu Alhamisi. Akageuka, akamtafuta Zuhra katikati ya watu, akampata.

Zuhra hakuinamisha macho. Moyo wake lakini ulikuwa kwenye oili. Kwa mwendo ule, joto likizidi, oili ingekuwa nyepesi, presha ingeshuka, na kila neno alilosema Enock pale mlangoni lingekuwa la kweli. Akahesabu raundi kwa vidole kama mtoto.

Raundi ya nne, kwenye mnyoofu, jeupe lilikuwa nyuma ya jeusi kwa nusu gari. Wiliam alibadilisha gia. Enock hakubadilisha. Alikaa ndani ya ile gia hadi Zuhra akafumba macho, na alipoyafumbua magari yalikuwa yameshapita kamba ya mwisho, na wachimbaji sita wa Asteria walikuwa wanakimbia uwanjani.

Jeupe lilikuwa limetangulia kwa urefu wa bonet.

Enock alishuka garini. Kabla mtu hajamfikia, Asteria alikuwa ameshasimama mbele ya Donatus, na sauti yake ya kuzoea kupita mlio wa karasha ilifika kila mahali. "Wabeja, bosi, asante. Mbio tatu mfululizo. Sasa robo ya duara ni ya kijana, tumeshuhudia wote."

Watu waliotoka Mwakitolyo wakaitikia. Donatus alitazama nyuso zile, moja baada ya nyingine. Kisha akatoa mkono, na Enock akaupokea, na wote wawili wakatabasamu kwa ajili ya simu zilizokuwa zinawapiga picha.

Jumatatu adhuhuri gari jeupe liliingia gereji tena. Donatus alikuwa na bwana mmoja kutoka Mwanza aliyeitwa Theonest, fundi wa kompyuta za magari, mtu mpole mwenye miwani. Donatus hakusalimu.

"Fungua," alimwambia Theonest. "Nisomee namba ya kuhama."

Aliandika neno la siri mwenyewe. Zuhra alisimama na kikombe cha chai mkononi. Theonest akapekua kurasa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Elfu tatu na mia sita," alisema.

"Angalia vizuri."

"Ni hiyo, mzee. Na haijaguswa tangu Alhamisi saa tano." Theonest akageuka, akiwa hajui amesimama katikati ya nini. "Lakini nani aliyeweka namba ya namna hii kwenye injini nzuri kama hii? Huyu mtu alitaka gari lisishinde."

Nyundo za mafundi wa mbele zilikuwa zimenyamaza.

"Uliomba elfu tatu na mia sita," Zuhra alimwambia Donatus. "Nimekuwekea elfu tatu na mia sita."

Donatus alimtazama, na Zuhra akaona jinsi anavyotafuta lalamiko ambalo anaweza kulisema mbele ya mtu wa tatu, na jinsi asivyolipata. "Funga kompyuta yako," hatimaye alimwambia Theonest. Wakaondoka. Wale wateja wanne nao, mmoja mmoja, waliacha kuja, na hakuna aliyesema sababu.

Enock alipata robo yake. Waliandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji, Asteria akiwa shahidi, na duara liliendelea kutema miezi miwili mingine kabla ya kupungua. Zuhra alisikia hayo kwa watu. Enock mwenyewe hakuonekana hadi mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza, alipoingia gereji na gari lake mwenyewe, dogo, la bluu, linalong'aa. Zuhra alilisikia tangu barabarani na kujua kwamba kuna mtu ameshalipanga.

Walisalimiana. Raudha, binti yake, alileta viti.

"Nimekuja kukushukuru," Enock alisema. "Sikuwahi kukushukuru."

"Si kitu. Gari zuri. Nani kakupangia?"

"Yule Theonest wa Mwanza."

Zuhra alitikisa kichwa kukubali. Mwanza ilikuwa safari ya nusu siku, na gereji yake ilikuwa hapa, dakika tano kutoka nyumba aliyopanga Enock. Hakusema hilo. Enock ndiye aliyelisema.

"Nilifikiri sana, Mama Raudha. Uliniambia ukweli, na bila wewe ningekuwa mpaka leo nashushiwa ugali kwa kamba. Hilo silisahau." Akageuza ufunguo mkononi. "Lakini uliiweka. Alikuomba, ukaiweka. Kama simu yangu ningekuwa nayo mwenyewe ungeniambia Jumatano, najua. Kama barabara ingeharibika usifike Kishapu, je? Ningeingia na shimo lako. Kila nikikaa kwenye usukani ningekuwa najiuliza nani mwingine alipita nyuma ya banda akakuomba kitu."

Zuhra alifungua mdomo kumweleza habari ya wale wawili wa mjini ambao wangeweka namba bila kuuliza. Ilikuwa kweli, na alikuwa amejieleza hivyo mara nyingi. Akakumbuka pia wateja wanne.

"Ni haki yako," alisema.

Enock alimaliza soda yake, akamuaga kwa heshima, akaondoka. Zuhra alimsikiliza akipanda barabara ya lami hadi mvua ikaimeza sauti.

Wiki iliyofuata alikuja mtu kutoka Bugarama na gari la mbio juu ya lori. Alitaka lipangwe upya, haraka, kabla ya mwisho wa mwezi. Zuhra alizunguka gari, akalisifia, akauliza nani anaendesha.

"Mdogo wangu."

"Mlete. Atakaa kando yangu nikiweka namba, na nakala ya namba zote ataondoka nayo yeye."

Mtu yule alikunja uso. "Mwenye gari ni mimi."

"Najua."

Alisema atafikiria, akawaamuru vijana wake wafunge tena kamba za gari. Zuhra alisimama mlangoni hadi lori likakata kona, kisha akarudi ndani, kulikokuwa na gia boksi inayosubiri kufungwa.